Tanuri la Uani: Si Bomba Lolote

Yafuatayo ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya wanafunzi, wazazi na mafundi wa jua kali waliokutana katika kituo cha mafunzo ya ufundi. Tumeyachapisha kwa ombi la waliohudhuria.



Kwa kawaida mimi husimama nyuma ya kamera, wala si mbele ya watu. Leo nimeomba nafasi hii mwenyewe kwa sababu nina deni kwenu.

Miezi kadhaa iliyopita, jarida letu lilichapisha habari fupi kuhusu kijana aliyejitengenezea tanuri la kufulia chuma nyuma ya nyumba yao. Habari ile niliiandika mimi. Picha ilikuwa nzuri: cheche, jasho na panga lililonyooka. Niliandika kwamba vifaa vyake ni rahisi kupatikana: shimo, makaa, feni kuukuu na "bomba lolote la maji". Neno moja katika maneno hayo, "lolote", ndilo lililonileta hapa leo.

Kijana mwingine, mwanafunzi wa kituo hiki, aliisoma habari ile akaifuata kama ilivyoandikwa. Alipata kipande cha bomba la maji linalong'aa, lile lililopakwa zinki ili lisishike kutu. Siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha, basi akalijenga tanuri lake ndani ya jiko la mama yake. Moto uliposhika na feni ikavuma, bomba likaanza kutoa moshi mweupe mzito. Alifikiri ni uchafu unaoungua. Baada ya muda kichwa kikaanza kumgonga, akahisi kizunguzungu, na mama yake akaja akamvuta nje kwa mkono.

Usiku ule alitetemeka kwa baridi. Homa ikapanda, viungo vikauma, kifua kikabana. Nyumbani wakasema ni malaria. Asubuhi wakampeleka zahanati, akapimwa, malaria haikuonekana. Mhudumu ndiye aliyemwuliza swali la maana: "Jana mchana ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Alipona. Ameniruhusu niwasimulie haya bila kutaja jina lake. Nilipokwenda kwao kuomba msamaha hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Sasa, bomba la sawa ni lipi?" Sikuwa na jibu. Kazi yangu ni kuuliza maswali, na hilo sikuwa nimemwuliza mtu yeyote kabla ya kuandika.

Mama yake alikuwa na neno lake pia. Alisema moto ule hautawashwa tena katika boma lake mpaka asikie kwa masikio yake jinsi unavyowashwa bila kumuua mtu. Mama huyo yuko nasi leo. Kwa hiyo nimekwenda kwa wahunzi na wakufunzi, nimekaa karibu na moto wao, nimeuliza yale niliyopaswa kuuliza mwanzoni. Haya ndiyo majibu.

Kazi hii si ngeni kwetu

Kwanza tusidhani kwamba uhunzi umeletwa na video za simu. Wahunzi wa vilima vya Samia, kule Busia, walijulikana kwa majembe yao kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901. Wagikuyu huwaita wahunzi aturi, Wamaasai huwaita ilkunono. Huko Pwani, katika karne ya 12, mwanajiografia al-Idrisi aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na walifanya biashara kwa chuma hicho. Leo ukipita Kamukunji, Nairobi, sauti ya nyundo haikomi, na masanduku, majiko na wilibaro hutoka pale kwenda nchi nzima.

Naeleza haya kwa sababu kijana anayetaka kufua chuma uani kwao hafanyi wazimu. Anarudia kazi ya mababu. Tofauti ni kwamba zamani mtoto wa mhunzi alikaa miaka mingi akivuta mivukuto kabla ya kupewa nyundo. Katika miaka hiyo alifundishwa kila kitu kinachoweza kumwunguza. Kijana wa leo hupata nyundo kwanza.

Tanuri ni nini hasa

Tanuri la mhunzi ni mambo matatu tu: mahali pa kushikilia moto, makaa, na hewa inayosukumwa. Jiko lako la kupikia ugali lina mawili ya kwanza. Linakosa la tatu, ndiyo maana huwezi kufulia panga juu yake.

Chuma hufulika vizuri kikiwa kati ya nyuzi 900 na 1,100 za selsiasi, yaani kinapokuwa na rangi ya chungwa hadi manjano. Makaa yaliyoachwa yapumue yenyewe hayafiki huko kwa urahisi. Yakipulizwa kwa mkondo mmoja wa hewa, hufika kwa dakika chache. Basi kujenga tanuri ni kujenga njia ya kupeleka hewa katikati ya makaa bila kukuletea madhara.

Mahali pa kulijenga

Kanuni ya kwanza haina msamaha: tanuri hukaa nje. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko la makaa chumbani na hawakuamka. Tanuri linalopulizwa kwa feni huchoma makaa mengi zaidi kuliko jiko, kwa hiyo gesi yake ni nyingi zaidi. Kufungua dirisha hakutoshi.

Lijenge hatua 10 au zaidi kutoka kwenye nyumba, ghala la mahindi, rundo la nyasi na ua wa miti mikavu. Usilijenge chini ya paa la makuti au nyasi. Ukihitaji paa, liwe la mabati, juu sana, na kuta ziwe wazi pande zote. Mvua ikinyesha, kazi iahirishwe. Hakuna panga linaloweza kudai lifuliwe leo.

Kivuli ni kizuri kwa sababu moja ambayo sikuijua: chini ya jua kali huwezi kuona rangi ya chuma. Kinachoonekana cheusi mchana kinaweza kuwa na nyuzi 500, na mkono wako hautajua tofauti hiyo mpaka uguse. Ndiyo maana mhunzi mzoefu hukaribia chuma chochote kilicho sakafuni kwa mgongo wa mkono kwanza, bila kukigusa, asikie kama kuna joto.

Weka karibu ndoo mbili, moja ya maji na moja ya mchanga. Chora mstari ardhini, hatua tatu kuzunguka tanuri. Watoto na kuku wasivuke mstari huo.

Kujenga bakuli la moto

Wahunzi niliowatembelea wanapendekeza njia isiyo na gharama kubwa kwa anayeanza: sanduku la mbao lenye miguu, lililojazwa udongo. Urefu wake uwe kama mita moja, upana sentimita 60, kina sentimita 40, na miguu ya kulifikisha kiunoni ili usiumize mgongo. Mbao haitaungua mradi pana udongo wa sentimita 20 chini ya moto na kila upande.

Udongo ulio bora ni wa kichuguu, au wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na jivu. Uchanganye na maji kidogo tu, ushindilie kwa kigongo, kisha chimba shimo katikati: upana wa sentimita 20 juu, kina cha sentimita 20, likisinyaa kuelekea chini. Liache likauke kivulini kwa siku kadhaa. Halafu washa moto mdogo wa vijiti ndani yake, ukauke kabisa, ndipo uweke makaa. Udongo mbichi ukipigwa na moto mkali hupasuka.

Kuna vitu viwili vya kuepuka hapa. Usitumie mawe ya mtoni. Maji yaliyojificha ndani yake hugeuka mvuke na jiwe hulipuka, na vipande huruka usoni. Usitumie pia saruji wala matofali ya saruji karibu na moto, kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa bomba. Tafuta bomba jeusi la chuma, lisilopakwa zinki, la kipenyo cha inchi moja na urefu wa kama mita moja. Ukienda dukani sema hivyo hivyo: "Nataka bomba jeusi." Bomba la zinki lina rangi ya fedha au kijivu chepesi, na mara nyingi lina madoadoa kama maua. Likipata moto hutoa moshi mweupe, na moshi huo ndio uliomletea kijana wetu homa. Usijaribu kuichoma zinki hiyo kwanza ili uiondoe. Huko ndiko kuivuta. Kama bomba ni kuukuu na hujui lilikuwa la aina gani, liache. Na kama huna bomba, wahunzi wa zamani walitumia mrija wa udongo uliochomwa, na bado unafanya kazi.

Bomba liingie kwa ubavu wa shimo, mdomo wake ukiwa sentimita 5 juu ya sakafu ya shimo. Nafasi hiyo ya chini ni ya jivu. Ukiuzika mdomo chini kabisa, jivu litauziba na utakaa ukishangaa kwa nini moto hauwaki.

Hewa

Mafundi wengi wa jua kali hutumia feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli: unazungusha gurudumu kwa mkono, mkanda unazungusha feni ndogo, hewa inaingia bombani. Faida yake ni kwamba ukiacha kuzungusha, moto unatulia, na makaa hayapotei bure. Tena hauhitaji stima.

Kuna wanaotumia mashine ya kukaushia nywele. Inafanya kazi, lakini hewa yake ni nyingi mno, na waya wa stima uani penye ndoo ya maji ni hatari. Ukilazimika kuitumia, usiibane kwenye bomba. Iache mbali kidogo ili hewa nyingine imwagike pembeni, na waya upite mahali pakavu pasipokanyagwa. Ukipumzika, itenge kabisa na bomba, maana joto hurudi nyuma na kuyeyusha plastiki.

Makaa

Tumia makaa ya miti migumu, yaliyovunjwa vipande vya ukubwa wa yai dogo. Vipande vikubwa huacha mapengo, na hewa hupita bila kupasha chuma. Vumbi la makaa nalo huziba njia. Makaa ya vifuu vya nazi au magunzi ya mahindi yanafaa kwa kazi ndogo, na hupunguza mzigo kwa misitu yetu. Ukinyunyizia maji kidogo kingo za moto, makaa ya pembeni hayataungua kabla ya zamu yao.

Usiwashe wala kuamsha moto kwa petroli au mafuta ya taa. Usichome plastiki, mipira ya gari wala mbao zilizopakwa rangi.

Chuma hakiwekwi mbele ya mdomo wa bomba. Hapo hewa mbichi hukila na kukitoa magamba. Kiweke juu kidogo ya mdomo, kikiwa na makaa chini yake na makaa juu yake, kama muhogo uliofukiwa kwenye moto.

Fuawe, nyundo na koleo

Wengi wenu mmeona kipande cha reli kikitumika kama fuawe. Ni kizuri sana kwa kazi hiyo, lakini niambieni mmekitoa wapi. Reli, mifuniko ya mitaro, vyuma vya kingo za barabara na vyuma vya nguzo za stima ni mali ya umma. Mwanzoni mwa 2022 Serikali ya Kitaifa ilisimamisha biashara ya vyuma vikuukuu kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa aina hiyo, na mafundi waaminifu ndio walioumia. Iko Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya mwaka 2015, na inamtaka anayefanya biashara hiyo awe na leseni. Nunua kwa mwenye leseni, omba risiti, uiweke.

Fuawe nzuri ni kichwa cha nyundo kubwa kilichozamishwa katika gogo, au kipande kinene cha ekseli ya lori kilichosimamishwa wima. Kimo chake kifike kwenye vifundo vya ngumi yako ukisimama umeteremsha mkono. Nyundo ya kilo moja inatosha. Kijana anayeanza na nyundo ya kilo tatu atapoteza kiwiko kabla ya kupata mteja.

Koleo lazima liume chuma unachofua barabara. Chuma chekundu kinachoponyoka huanguka kwenye mguu. Kwa hiyo viatu ni vya ngozi vilivyofunika vidole, wala si ndara, wala si raba za plastiki. Nguo ni za pamba nzito, kama jinzi. Nguo za nailoni au poliesta huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Suruali ipite nje ya kiatu, isichomekwe ndani, ili cheche isipate pa kutumbukia. Miwani ya kinga ni lazima kila mara. Jicho halina springi ya kubadilisha.

Chuma gani kifuliwe

Si kila chuma ni kimoja. Nondo nyembamba laini ya kujengea madirisha ina kaboni kidogo. Hufulika kwa urahisi, lakini haishiki makali. Springi ya lori ni feleji yenye kaboni nyingi zaidi, na ndiyo hutengenezwa panga, shoka, patasi na jembe la kudumu. Tupa kuukuu ina kaboni nyingi kupita springi. Hunoleka sana, lakini huvunjika kwa urahisi kwa asiyeijua.

Usitie motoni chuma chochote kilichopakwa zinki, kromu au rangi. Na usitie kamwe kitu kilichofungwa pande zote, kama shokomzoba, mtungi wa gesi au bomba lililozibwa. Kilichofungwa kikipata moto ni bomu. Mtungi wa gesi usiukate hata kama unadhani hauna kitu.

Kusoma rangi

Wahunzi hawana kipimajoto. Wanasoma rangi. Wekundu wa kiza, usioonekana vizuri mpaka uingie kivulini, ni karibu nyuzi 650. Wekundu wa wazi kama pilipili iliyoiva ni karibu 800. Rangi ya chungwa ni kati ya 900 na 1,000. Manjano ni 1,100. Kikianza kutoa cheche nyeupe kama fataki, feleji inaungua, na iliyoungua haitengenezeki tena. Kata kipande hicho ukitupe.

Piga kikiwa cha chungwa au manjano. Kikirudi kwenye wekundu wa kiza, simama, rudisha motoni. Kupiga feleji iliyopoa ndiko kunakoleta nyufa ambazo hutaziona leo. Utaziona siku panga litakapokatika mkononi mwa mteja, shambani, na mtoto akiwa nyuma yake. Ndiyo maana nasema habari hii si ya mhunzi peke yake.

Anza na kitu kidogo. Chukua nondo laini ya milimita 10, ichonge ncha, ikunje iwe kulabu ya kuning'inizia taa au ndoo. Tengeneza kulabu 10. Ukimaliza ya kumi, mkono wako utajua mambo ambayo mimi siwezi kuyasema kwa kipaza sauti.

Kutia ugumu

Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi nzuri. Tuseme umefua patasi kutoka kwa springi ya lori. Kwanza ipashe moto mpaka sumaku isiishike. Chuma hupoteza mvuto wa sumaku kikifika nyuzi 770, kwa hiyo sumaku ya spika kuukuu ni kipimo cha bei nafuu. Itoe, iache ipoe hewani polepole. Fanya hivyo mara tatu. Hili hutuliza feleji baada ya kipigo.

Mara ya nne, ipashe ipite kidogo kiwango hicho cha sumaku, kisha itumbukize ncha yake kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa vuguvugu, isogeze juu na chini. Mafuta yawe lita tatu au zaidi, ndani ya chombo kirefu cha chuma chenye kifuniko. Yatawaka kidogo juu. Usishtuke, usimwage maji. Funika tu, moto utakosa hewa. Chombo cha plastiki hakifai hata kidogo. Usitumie maji kwa springi ya lori, kwa sababu mara nyingi itapasuka. Oili chafu ya injini iache, moshi wake ni sumu.

Sasa patasi ni ngumu, lakini ni kama kioo. Ukiipiga nyundo inaweza kuvunjika na kurusha kipande. Lazima uilegeze kidogo. Isugue ing'ae, kisha uipashe moto kutoka upande wa nyuma, mbali na makali, ukitazama rangi zinavyotembea juu ya chuma: kwanza manjano ya majani makavu, karibu nyuzi 220, kisha hudhurungi, kisha zambarau karibu 280, kisha buluu karibu 300. Kisu kidogo husimamishwa kwenye manjano. Patasi husimamishwa zambarau ikifika kwenye makali. Panga na jembe, vinavyopigwa na mawe na mizizi, hufika buluu. Rangi ikifika unapotaka, itumbukize majini ili isiendelee.

Ukiungua

Ukiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu, hesabu kwa saa. Vua pete na saa ya mkononi kabla mkono haujavimba. Usipake dawa ya meno, unga, yai, mafuta wala asali. Vitu hivyo hushikilia joto ndani na huleta uchafu. Funika kwa kitambaa safi, nenda hospitali. Ukihisi kichwa kizito na kizunguzungu karibu na moto, ondoka hapo hapo na umwite mtu. Kwa dharura piga 999 au 112. Na ukipata homa na baridi usiku baada ya kazi ya chuma, mwambie mhudumu ulichokuwa ukifanya. Usingoje aulize.

Mhunzi asifanye kazi peke yake. Lazima awepo mtu wa kusikia akiita.

Kutoka uani hadi sokoni

Tanuri la uani ni la kujifunza. Ukianza kuuza, wewe ni mfanyabiashara, na utahitaji kibali cha biashara cha kaunti. Njoo uulize mapema, usingoje kukamatwa. Jirani yako pia ana haki ya kulala. Nyundo isianze alfajiri. Na ujuzi ulioupata kwa mikono unaweza kupimwa: NITA hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, na cheti hicho hukusaidia kuomba kazi hata kama hukumaliza shule. Chini ya Katiba ya 2010, vituo vya mafunzo kama hiki viko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo mkiona kinakosa kitu, miwani kwa mfano, msinung'unike mkiwa njiani kwenda nyumbani. Tuandikieni, na mje kwenye vikao vya maoni ya bajeti mseme.

Kumalizia

Kuna watu walionishauri nisizungumze juu ya hili kabisa. Walisema, ukiwaeleza vijana jinsi ya kujenga tanuri, utaunguza wengine. Nililifikiria neno hilo kwa uzito. Lakini kijana wetu hakuumizwa kwa sababu alielezwa. Aliumizwa kwa sababu alielezwa nusu. Vijana wataendelea kuwasha moto, tuandike tusiandike. Nilichoweza kufanya ni kurudi na kuandika ile nusu iliyobaki.

Toleo hili litabandikwa katika ofisi za wadi na katika vituo vyote vya mafunzo. Lile la kwanza, popote mtakapoliona, futeni neno "lolote", mwandike "jeusi lisilo na zinki".

Mama, ulisema ungependa usikie kwa masikio yako. Umesikia. Sikuombi umruhusu. Boma ni lako na mwana ni wako. Ninachokuomba ni kwamba ukimkubalia, ukague wewe kwanza: bomba, viatu, umbali kutoka jikoni, ndoo mbili. Kimoja kikikosekana, mwambie azime. Na akibisha, mwambie hata afisa wa kaunti aliwahi kukosea kwa neno moja, akaja kuomba msamaha mbele ya watu.